Ziara ya vidakio vya maji, Dodoma hadi Kondoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya safari

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya ziara, simu yangu haipoi. Mimi ndiye ninayetunza stoo ya vifaa, na safarini hukaa kiti cha mbele jirani na dereva, kwa hiyo maswali ya wanafunzi hupitia kwangu kabla hayajamfikia mwalimu wa somo. Kwa kawaida huanza ya posho, yakafuata ya choo, na la somo lenyewe huja usiku wa kuamkia safari. Hapa nimeyapindua: somo kwanza.

Kidakio ni nini hasa? Kwenye notisi nimesoma, lakini bado.

Tazama paa la bati la migongo miwili. Mvua ikipiga upande wa mbele, maji yanadondokea kibarazani. Ikipiga upande wa nyuma, yanadondokea uani. Ile kofia ya juu ndiyo inayoyagawa. Sasa badala ya kofia weka mgongo wa kilima, badala ya gata weka korongo, badala ya tangi weka bwawa. Eneo lote linalomwaga maji yake kwenye tangi moja ndilo kidakio.

Vidakio hukaa kimoja ndani ya kingine. Kidakio cha lambo la ng'ombe kimo ndani ya kidakio cha bwawa, na cha bwawa kimo ndani ya bonde la mto mzima. Ndiyo maana swali la "kidakio hiki kina ukubwa gani?" halijibiki mpaka useme umesimama wapi.

Watu wa misitu hupenda neno lindimaji, maofisa wa mabonde husema kidakio au dakio. Kijijini usitumie lolote kati ya hayo. Uliza hivi: "Mzee, mvua ikinyesha pale mlimani, maji yanapita wapi?" Utapewa kidakio kizima kwa ncha ya fimbo.

Kwa nini Dodoma? Morogoro si kuna mito inayotiririka mwaka mzima?

Ipo, na ni mizuri kwa picha. Lakini Dodoma kosa la ardhi halifichiki. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na huja kwa vishindo: saa moja ya maji mengi, halafu wiki mbili za jua. Udongo uliobaki mtupu mwishoni mwa kiangazi ndio unaopokea ngumi ya kwanza.

Sababu ya pili ni kwamba mkoa huu mmoja unagawa maji pande tatu. Maji ya mjini, Makutupora na Hombolo yanafuata Kinyasungwe, yanapita Gulwe wilayani Mpwapwa, yanashuka Kilosa ambako mto unaitwa Mkondoa, kisha yanaingia Wami mpaka Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Maji ya mto Bubu kutoka upande wa Kondoa hayaioni bahari kabisa. Yanaishia kwenye kinamasi cha Bahi na kukaukia humo, na hilo ni Bonde la Kati, ambalo bodi yake ina ofisi Singida. Kusini mwa mkoa maji yanaelekea Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, yaani Bonde la Rufiji. Yakishapita mitambo ya Mtera na Kidatu, yanazungusha pia mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, na safari yake inaishia Bahari ya Hindi. Nchi ina mabonde tisa ya maji, na matatu yako hapa mlangoni kwetu.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, fikiria reli ya zamani kati ya Gulwe na Kilosa. Imesombwa na mafuriko mara nyingi, na yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliivuruga kabisa. Aliyekuwa anasubiri treni Kilosa aliona mto umefura. Hakuona mashamba na malisho ya huku juu ambako sehemu ya maji yale na mchanga ule ilianzia.

Sababu ya tatu ni kwamba hapa pamepimwa kwa muda mrefu. Mpwapwa kulikuwa na vipande vya ardhi vya kupimia maji ya mtiririko na udongo unaopotea tangu miaka ya 1930. Mwaka 1972 ukachapishwa utafiti wa mmomonyoko na mashapo (tope na mchanga unaotuama bwawani) katika vidakio vinne jirani na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Kwa hiyo ukisimama Ikowa leo, kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1957, hutazami tope tu. Una cha kulinganisha nacho.

Tutapita wapi?

Siku ya kwanza Makutupora na Hombolo, ya pili Ikowa, ya tatu asubuhi tunapanda Kondoa kwa barabara ya lami ya kwenda Babati, tunalala huko siku mbili, ya tano tunarudi. Ratiba ya saa kwa saa anayo CR, mwakilishi wa darasa. Usiniulize mimi, hubadilika, na wakati mwingine hubadilika tukiwa ndani ya basi.

Makutupora ni visima tu. Kuna nini cha kuona?

Swali hili huniuma kidogo. Ukifungua bomba mjini Dodoma, kuna uwezekano mkubwa unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, huko huko Makutupora. Jiji lina watu zaidi ya 765,000 kwa sensa ya 2022, na kwa miongo mingi limeyategemea maji yaliyo chini ya bonde lile.

Pale kina cha maji ya ardhini kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hiyo ni miongoni mwa ndefu kabisa katika nchi za joto. Uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha jambo ambalo wengi hatulitegemei: maji yale hayaongezeki kidogo kidogo kila masika. Miaka mingi kina hushuka tu, kama akiba inayotolewa bila kuwekwa. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, mathalani ule wa El Niño wa 1997/98, kina kinapanda kwa kishindo, halafu kushuka kunaanza tena.

Ukiwa pale tazama mto Kinyasungwe Mdogo na mchanga wake. Jiulize maji yanaingilia wapi ardhini, na itakuwaje eneo hilo likijengwa nyumba na kumwagwa zege.

Tunakwenda mwezi wa saba na mito imekauka. Sasa tutasoma nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mwaka fulani, Julai, tulisimama kwenye mto wa mchanga. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Hapa hakuna mto." Hatua thelathini kutoka tulipo, mama mmoja alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, akichota maji kwa kipande cha kibuyu. Anachota, anamimina kwenye ndoo, anangoja. Maji yalikuwa yakitoka ubavuni mwa mchanga taratibu, mazito kidogo mwanzoni, halafu yanatulia na kuwa meupe. Shimo lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie.

Tukamwamkia shikamoo. Nikamwomba atuonyeshe mwezi wa tano alichimba kina gani kabla ya kukuta maji. Akagusa goti. Na leo? Akagusa kiuno. Na mwezi wa kumi? Akanyoosha mkono juu ya kichwa, akacheka. Yule mwanafunzi alitoa daftari akaanza kuchora: miezi chini, kina pembeni. Goti, kiuno, kichwa. Mpaka leo sijaona mchoro mzuri zaidi wa maji ya ardhini kwenye ripoti ya mwaka wa pili.

Kwa hiyo kiangazi una kazi ya kutosha. Tazama takataka na majani makavu yaliyokwama kwenye matawi ya miti ya ukingoni. Hapo ndipo mafuriko yalipofika, pima kimo chake. Tazama vijiwe vilivyobaki juu ya vinguzo vidogo vya udongo; udongo wa pembeni umekwenda, ule uliokuwa chini ya jiwe ukasalimika. Ingia kwenye korongo utazame ukuta wake: tabaka la mchanga mkavu, tabaka jeusi, tena mchanga. Kila tabaka lina hadithi yake ya mwaka.

Na tazama mizizi. Mti haukuota ukiwa umesimama kwenye vidole. Pima kutoka pale shina linapoanza kutoa mizizi hadi udongo wa leo. Tuseme ni sentimita 30, na mwenye shamba anakuambia mti una miaka 20. Hapo udongo umeshuka sentimita 1.5 kwa mwaka, ambayo kwa hekta ni mita za ujazo 150. Ni kadirio la pale kwenye mti tu. Ukilizidisha kwa kata nzima, mwalimu atakukata maksi na mimi nitamuunga mkono.

Nifanye nini nikiwa bado chuoni?

Jambo moja likikamilika, mengine yatajipa: chora kidakio kwa mkono wako. Chukua ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya kipimo cha 1:50,000, weka alama kwenye bwawa la Hombolo au Ikowa, kisha kwa penseli fuata migongo ya vilima ukizunguka mpaka urudi ulipoanzia. Kumbuka kwamba mstari wa kidakio hauvuki mto hata mara moja isipokuwa pale mwisho maji yanapotokea. Kama umeuvusha, futa uanze upya. Najua programu ya kompyuta inafanya hivyo kwa sekunde kadhaa. Wanaotegemea programu peke yake nimewaona uwandani: wanashikilia simu juu wakitafuta mtandao, na mgongo wa kilima uko mbele yao.

Pakua ramani kwenye simu mapema, maana vijijini mtandao huja na kuondoka. Na uje na maswali matatu yako mwenyewe, yameandikwa. Si "changamoto ni zipi?" Hilo kila mgeni analiuliza, na wanakijiji wameshajua jibu linalotakiwa.

Vifaa gani natakiwa kuja navyo, na vipi viko stoo?

Stoo ina futi kamba za mita 50, GPS chache, mambo ya kupimia chumvi na tope la maji, na majembe. Wewe njoo na daftari lenye jalada gumu, penseli (wino wa kalamu ukilowa unakimbia), rula, kamba ya katani ya mita tano, mfuko wa plastiki wa kufunikia simu, na chaja ya kubeba.

Kila kundi lije na kopo la bati lililokatwa vitako vyote viwili, la rangi lililosafishwa linafaa. Unalikita ardhini kama sentimita tano, unamimina maji, unasimamisha rula ndani na kuandika maji yameshuka kiasi gani kila dakika tano. Fanya sehemu tatu: chini ya mti, katikati ya shamba, na kwenye njia ya ng'ombe. Safari iliyopita, chini ya mgunga maji yalizama kabla hatujapanga zamu ya nani asome rula. Kwenye njia ya ng'ombe tulimimina, tukala mihogo yetu, tukarudi, maji yako pale pale yanatutazama. Usipofanya jaribio hili utaandika "upenyaji wa maji ardhini" kwenye ripoti kama neno la kukariri.

Fremu A ni nini, na kwa nini tunaambiwa tutengeneze wenyewe?

Ni fito mbili zilizofungwa juu kama herufi A, na ya tatu ikatizwe katikati. Toka kileleni ninginiza kamba yenye jiwe. Simamisha miguu yake kwenye sehemu mbili, weka alama kamba inapogusa fito ya kati. Sasa badilishana miguu pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo unatembeza fremu shambani kama mtu anayetembea na dira: kila kamba ikitulia katikati, unachomeka kijiti. Mstari wa vijiti ndio kontua, na ndipo panapochimbwa makinga maji.

Fundi ujenzi ataifanya kazi hiyo kwa pima maji yake, hakuna ubaya. Lakini mkulima hana hela ya vifaa vyetu, na fito anazo. Ndiyo sababu tunatengeneza wenyewe.

Ukichimba mtaro kwenye mstari huo na kurusha udongo upande wa juu, umefanya fanya juu. Ukiurusha chini, fanya chini. Majina haya yamevuka mipaka mpaka kwenye vitabu vya wageni, na wameyaacha kwa Kiswahili chake.

Tukikuta mto una maji, tunapimaje?

Kwa chungwa. Sifanyi mzaha. Chungwa linaelea likiwa limezama sehemu kubwa, kwa hiyo upepo hausumbui, linaonekana kwa mbali, na likipotea hakuna hasara.

Chagua sehemu iliyonyooka, pima urefu wa mita 10. Pima upana wa mto, na kina katika sehemu tano ukitoka ukingo mmoja hadi wa pili, upate wastani. Tuseme upana ni mita 2.4 na kina cha wastani ni mita 0.25: eneo ni mita za mraba 0.6. Chungwa limechukua sekunde 20, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.425. Zidisha kwa eneo: mita za ujazo 0.255 kwa sekunde, yaani lita 255. Rudia mara tatu. Na mtu wa kulidaka chungwa asimame chini ya mto kabla halijatupwa, si baada.

Hesabu nyingine ya kubeba kichwani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40 kwenye hekta moja ni lita 400,000. Hata robo yake ikikimbia badala ya kuzama, hilo korongo unaloliona limepata wa kulichimba.

Barua na vibali vimeshughulikiwa? Mimi mwanafunzi vinanihusu nini?

Chuo hutuma barua ya utambulisho mkoani, nayo hushuka wilayani, kwenye kata hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kwa karatasi kila kitu kipo sawa. Lakini barua hutangulia au huchelewa. Kuna safari tulifika ofisi ya kijiji, mtendaji hajapata chochote, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba tumekuja kupima ardhi ili wahamishwe. Tulikaa chini ya mti saa mbili. Tangu siku ile natembea na nakala tano.

Kinachokuhusu wewe ni hiki: usishuke kwenye basi na kuanza kupima. Kwanza ofisini, kitabu cha wageni, salamu, mwenyekiti au mtendaji aseme neno, ndipo kazi. Futi kamba likinyooshwa shambani kwa mtu bila ruhusa ni jambo zito Dodoma hii ya viwanja na fidia.

Naongeaje na wenyeji?

Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, hata kama una haraka. Ugogoni ukisema "mbukwenyi" utaona nyuso zikifunguka. Ukishindwa kuendelea baada ya hapo, cheka nao. Kaa pale unapokaribishwa, si kusimama na daftari kama askari wa kodi.

Usianze na makosa yao. Nimemsikia mwanafunzi akimuuliza mzee kwa nini analima ndani ya mita 60 za mto wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza. Sheria ipo kweli, na mwanafunzi aliinukuu vizuri. Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, hizo mita sitini zilipimwa kutoka wapi? Mto huu ulikuwa pale." Akaonyesha mkorosho ulioko mbali. Mto ulikuwa umehama kwa kula ukingo. Kikao kingeishia hapo kama mzee asingekuwa mtu wa utani.

Uliza historia: zamani msitu uliishia wapi, kisima kipi kilikauka kwanza, mwaka gani mvua ilipita kiasi. Na usiahidi kitu. Maneno "tutalifikisha" yameshasemwa vijijini mpaka yamechakaa.

Nivae nini?

Viatu vilivyofunika mguu na visivyo vipya. Viatu vipya Kondoa ni malengelenge. Suruali ndefu au sketi pana, mikono mirefu, kofia. Akina dada, kitenge cha kujifunga juu ya suruali kinasaidia vijijini, hasa Kondoa ambako wengi ni Waislamu, na ikiwa ni Ijumaa hatupangi mkutano saa saba mchana. Sweta ni lazima. Kila mwaka kuna anayesema "Dodoma ni jangwa, baridi ya wapi?" na kila mwaka huyo huyo anaazima shuka langu usiku wa pili.

Chakula, maji, choo?

Maji ya kunywa: lita tatu kwa siku kwa kila mtu, na uyabebe wewe. Chakula cha mchana tunanunua njiani au tunapikiwa kijijini. Ukiwekewa ugali wa uwele na mlenda, kula. Usivute mlenda kwa uma ukipiga picha. Choo: basi husimama kila baada ya saa mbili hivi. Mwenye shida ya tumbo, au wa dawa za kila siku, aniambie mapema kwa siri, nitampanga karibu na mlango.

Kuna hatari gani?

Jua, kwanza. Watu wanne niliowahi kuona wakianguka safarini, wote walikuwa hawajanywa maji.

Pili, mto mkavu wakati wa masika. Kama safari yako itaangukia Machi, sikiliza vizuri: mto wa mchanga unaweza kuja na maji kifuani huku juu yako jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha kilomita thelathini huko juu. Usiweke begi mtoni, usilie chakula mtoni. Ukisikia mngurumo, au ukiona wanakijiji wanapanda ukingo, panda. Dereva naye asivushe basi penye maji yanayotembea. Akisisitiza, shukeni wote.

Tatu, bwawa. Usiingie majini kwenye mabwawa na malambo hata kama miguu inaungua. Kichocho hakionekani kwa macho. Nyoka na nge wapo: usiingize mkono penye shimo au chini ya jiwe, kung'uta viatu asubuhi. Usisimame chini ya ukingo wa korongo uliochongoka, wala juu yake mwishoni kabisa. Udongo wa Kondoa unaachia bila kuaga.

Naruhusiwa kurusha droni?

Bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hapana. Makutupora usahau kabisa, pana kambi ya JKT jirani. Picha za kawaida piga, lakini watu uwaombe kwanza, na kuta za mabwawa, madaraja na mitambo uulize.

Kuhusu Kondoa: kweli waliondoa mifugo yote?

Kweli. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 serikali iliamuru ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda watoke katika eneo lililoharibika zaidi, la kilomita za mraba 1,256. Makorongo mengi yakaota nyasi na vichaka, mchanga ukatulia, watu wakaanza kulima mpaka kwenye mchanga wa mito uliokuwa hauna faida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa, kwa sharti la kulishiwa bandani.

Utaona mwenyewe: ukitoka Kondoa mjini kuelekea Kolo, vilima vimefunikwa. Ni rahisi kusema ulifaulu, na mimi kwa upande wa ardhi nasema ulifaulu. Lakini muulize mzee wa Kirangi ng'ombe wa baba yake walikwenda wapi, nani aliwapokea, wangapi walirudi. Pia walikohamia walikanyaga ardhi ya mtu mwingine. Kundi litakaloleta pande zote mbili litakuwa limefanya kazi. Linganisheni na Kisiki Hai, ambako mkulima anaacha visiki vya miti shambani vichipue, anachagua machipukizi machache na kuyapunguzia matawi. Hakuna aliyehamishwa, ila kinategemea majirani wakubaliane kuhusu mbuzi.

Michoro ya miambani ya Kolo tutaiona?

Muda ukiruhusu. Ni urithi wa dunia tangu 2006, kuna kiingilio na muongozaji. Usiguse, na usimwagie maji ili ing'ae kwenye picha.

Nisubiri bumu, yaani hela ya mkopo, ndiyo nilipe mchango?

Usisubiri. Ongea na CR mapema kama huna, kuna njia. Anayeniumiza ni yule anayekaa kimya mpaka siku ya safari halafu hatokei, na kitanda chake Kondoa kimeshalipiwa.

Ripoti inatakiwa iweje?

Maelekezo rasmi anayo mwalimu. Ninachoongeza mimi, kwa kuwa huzisoma zikiwa zimelundikwa stoo: andika ulichopima, saa ngapi, wapi. Usifungue kwa ukurasa mzima wa "maji ni uhai". Weka mchoro wa kidakio ulioufanya chuoni na ule ulioufanya baada ya kuona, bega kwa bega, useme ulikosea wapi. Andika daftari safi usiku huo huo. Ukingoja kurudi chuoni, Ikowa na Hombolo vitachanganyika kichwani na utatuambia bwawa moja lina mashapo ya lingine.

Basi linaondoka saa ngapi, na nikichelewa?

Saa kumi na mbili kamili alfajiri, mbele ya stoo. Si saa kumi na mbili na nusu, wala "nipo njiani, nimeshafika getini". Ukichelewa, kuna mabasi ya Kondoa stendi kuu, utatukuta huko siku ya tatu kwa nauli yako. Utakuwa umekosa Makutupora, na kopo la kundi lenu utalibeba wewe siku zote zilizobaki.